Sura ya Sita: Limehama au Limetawanyika?

Mwindaji wa kulungu kwenye pwani ya magharibi ya Norwei ana bunduki moja aliyoizoea kwa miaka. Akiilaza juu ya mfuko wa mchanga na kupiga karatasi iliyo mita 100 mbele yake, matundu matano yanakaa ndani ya sentimita 3, kila msimu. Mwezi Agosti, wiki chache kabla ya uwindaji kufunguliwa, ananunua kiwambo cha kupunguza sauti na kukifunga kwenye mdomo wa mtutu. Anarudi uwanjani, anapiga, na matundu yanatokea sentimita 6 chini, kidogo kushoto. Anazungusha kigurudumu cha darubini mpaka risasi zirudi katikati. Wiki inayofuata zimehama tena. Anazungusha tena. Kufikia mwisho wa mwezi ameshamaliza maboksi matatu ya risasi, haiamini darubini, hakiamini kiwambo, na ameanza kutoiamini hata mikono yake.

Kosa lake lilianza pale aliposhika kigurudumu kabla ya kujiuliza swali. Matundu ya risasi kwenye karatasi hufanya fungu, na fungu lina habari mbili ndani yake: kitovu chake kiko wapi, na limetanuka kiasi gani. Kitovu kikihama lakini fungu likabaki dogo kama zamani, bunduki haina ugonjwa wowote. Imepata tabia mpya, na dawa yake ni darubini. Fungu likitanuka, au kitovu kikawa kinahama kila unapokivua na kukirudisha kiwambo, hapo kuna kitu kimelegea, kimepinda, kimegusana au kimechakaa, na darubini haiwezi kukitibu. Sura hii yote ni juu ya kutenganisha hali hizo mbili, kwa sababu anayezichanganya hulipa gharama ya risasi na hapati jibu.

Kwanza niseme kwa nini mwindaji mwenye leseni anataka kitu hiki. Huku kwetu kiwambo cha sauti husikika zaidi katika habari za polisi na za majangili, na msomaji ana haki ya kushtuka. Norwei, Ufini na New Zealand ni hadithi nyingine: huko ni kifaa cha kawaida cha kulinda masikio. Bunduki ya kuwindia isiyo na kiwambo hutoa mlio wa desibeli 160 na zaidi kwenye sikio la mpigaji. Mlio wa ghafla wa desibeli 140 huhesabiwa kuwa mpaka wa hatari, na kiwambo kizuri hupunguza desibeli 25 hadi 30 hivi. Fanya hesabu utaona kwamba bunduki bado inasikika vizuri sana. Ukimya wa sinema haupo. Risasi yenyewe, inayokwenda kasi kuliko sauti, hupasua hewa na kutoa mlio wake ambao hakuna kifaa cha mdomoni kinachoweza kuuzuia.

Aliyekipeleka sokoni kwa mafanikio ni Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1909, na ambaye alishughulika pia na kupunguza kelele za injini. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha mwaka 1884, ile ambayo vizazi vyake viliwakuta wapiganaji wa Maji Maji kwenye boma la Mahenge mwaka 1905. Mzee huyo alizeeka akiwa kiziwi kwa sababu ya milio ya bunduki zake mwenyewe. Sijui mfano mwingine wa familia iliyouza kelele na dawa ya kelele kwa jina lilelile.

Turudi kwenye karatasi. Kwa nini fungu lihame?

Mtutu ni ufito wa chuma uliobanwa upande mmoja. Baruti inapowaka, ufito huo hupata mshtuko na kuanza kutikisika, na risasi hutoka huku mtikisiko ukiendelea. Katika mtutu wa sentimita 60 risasi ya kawaida ya .308 hukaa ndani kwa muda wa kama milisekunde 1.3. Ndani ya muda huo mdomo unapanda, unashuka, unacheza pembeni, na risasi inaelekea pale mdomo ulipokuwa umeelekea wakati inatoka. Sasa ongeza gramu 400 za chuma kwenye ncha. Mvuvi wa ndoano anajua kwamba ufito wake hucheza kwa namna nyingine kukiwa na kitu kizito kwenye ncha: unalegea, unakwenda polepole, na unainama kidogo hata ukiwa umetulia. Mtutu nao ni hivyo. Uzito huo huuinamisha kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na hubadilisha mdundo wa mtikisiko, kwa hiyo risasi inatoka mdomo ukiwa umeelekea pengine.

Ndiyo maana kwa kawaida fungu hushuka. Mitutu myembamba, ile inayopendwa na watu wanaopanda milima kwa sababu ni miepesi, huhama zaidi kuliko mitutu minene ya mashindano, ambayo mara nyingine haisogei hata sentimita 1. Lakini kushuka si sheria. Nimeona watu wakibishana kwamba kiwambo lazima kishushe risasi, na anayepata fungu lake limepanda kulia huambiwa amekosea kufunga. Mtikisiko wa mtutu hauna upande mmoja, na bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kuhamia pande tofauti.

Wengine husema sababu ni mwendo wa risasi, kwamba kiwambo huongeza kasi. Ni kweli huongeza kidogo, mara nyingi mita chache kwa sekunde. Lakini risasi inayotoka kwa mita 820 kwa sekunde huwa imeshuka kama sentimita 8 tu kwa uzito wake inapofika mita 100. Ukiiongezea mita 5 kwa sekunde unabadilisha mshuko huo kwa milimita 1 hivi. Sentimita 6 za yule Mnorwei hazikutoka huko.

Kwa hiyo kuhama peke yake ni jambo la kawaida, na mara nyingi kiwambo huja na zawadi: fungu huwa dogo zaidi. Gesi inayotoka nyuma ya risasi haiisukumi ovyo mara tu inapotoka mdomoni, bunduki haimpigi sana mpigaji begani, na yeye mwenyewe haogopi mlio. Hili la mwisho nadhani ndilo kubwa. Watu wengi huvuta kifyatulio huku macho yanafumba bila wao kujua, na kiwambo huwaponya ugonjwa ambao walikuwa wakiuita kasoro ya darubini.

Sasa zile hali ambazo fungu linatanuka, au linazunguka kila siku. Ukaguzi uanze na kitu kinachoweza kuumiza mtu, nacho ni unyoofu wa kiwambo. Bunduki iwe tupu, chemba imeangaliwa kwa macho na kwa kidole, bolti imetolewa. Kisha fimbo nyoofu ya kupimia, iliyotengenezwa kwa kipenyo cha mtutu huo, hupitishwa kutoka nyuma hadi itokeze mbele ya kiwambo. Ionekane iko katikati ya tundu la kutokea, nafasi sawa pande zote. Ikiwa imeegemea upande mmoja, usipige risasi hata moja zaidi.

Ili uone jinsi kosa dogo linavyokuwa kubwa, chukua hesabu hii. Kiwambo hujifunga kwa nyuzi za skrubu, lakini kinachokinyoosha ni bega la mtutu, ile pete bapa nyuma ya nyuzi ambayo kiwambo huiegemea. Tuseme kipenyo cha bega ni milimita 16, na fundi aliyekereza hakulinyoosha sawasawa. Upande mmoja umezidi mwingine kwa milimita 0.05, unene wa unywele mwembamba. Kwenye kiwambo cha milimita 200, unywele huo huzaa mpindo wa zaidi ya milimita 0.6 kule mwisho. Na matundu ya visahani vya ndani, vile vinavyokamata gesi, huwa yamezidi kipenyo cha risasi kwa kiasi hichohicho tu kila upande. Risasi ikigusa kisahani kimoja haitakwenda unakotaka; ikigusa kwa nguvu, kiwambo kinapasuka.

Dalili za mguso huo zinaonekana kabla ya mpasuko. Kuna mkwaruzo unaong'aa ukingoni mwa tundu la kutokea. Kwenye karatasi kuna risasi moja au mbili zilizoruka mbali na fungu bila sababu. Tundu lenyewe linaweza kuwa la umbo la yai badala ya duara, maana yake risasi imefika ikiwa imeyumba. Kuhusu tundu la umbo la yai kuna mshitakiwa mwingine ambaye hana uhusiano na fundi: risasi nzito za mwendo wa polepole, zile zinazotengenezwa zisivuke kasi ya sauti ili mlio wa hewani usiwepo. Michirizi ya ndani ya mtutu huizungusha risasi ili inyooke hewani. Mtutu wa .308 unaozungusha mara moja kila inchi 12 umetengenezwa kwa risasi za wastani zenye kasi. Ukiupa risasi ya gramu 13 inayokwenda mita 320 kwa sekunde, mzunguko hautoshi, na risasi huanza kuyumba ikiwa pengine bado imo ndani ya kiwambo. Bunduki za .300 Blackout hukatwa mchirizi mkali wa inchi 8 au 7 kwa sababu hiyo.

Baada ya unyoofu, washa. Bunduki nyingi zinazouzwa na kifaa kingine mdomoni huja na washa laini ya kubonyezwa, ile inayokunjika unapokaza. Kwa kifaa kile inafaa. Chini ya kiwambo haifai hata kidogo, kwa sababu haikunjiki sawa pande zote, na tumeshaona unywele mmoja unafanya nini. Itolewe itupwe.

Kisha kukaza. Kiwambo kinachofungwa kwa mkono hulegea kadiri kinavyopata joto, na dalili yake ni fungu linaloanza vizuri kisha linatambaa kuelekea upande mmoja kadiri risasi zinavyozidi. Mpigaji akiligundua hilo hushika kiwambo ili akikaze, na kiwambo kilichotoka kupiga risasi 10 kinaunguza ngozi. Vaa glavu. Masizi ya baruti yakijaa kwenye nyuzi na juu ya bega, kiwambo hakikai tena mahali pake pa jana, na mwenye bunduki atasema darubini inacheza. Brashi ngumu na dakika mbili za kusugua zimezima kesi nyingi za namna hii.

Watengenezaji wa Ulaya ya Kaskazini hupenda kiwambo kinachorudi nyuma na kuufunika mtutu, ili bunduki isiwe ndefu mno kichakani. Uzito wake unakaa karibu na mikono, jambo jema, lakini kwa nyuma huwa kuna pete inayoegemea mtutu. Pete ikiwa kubwa kuliko mtutu, kiwambo kinapiga-piga ndani kwa ndani. Ikibana upande mmoja, inausukuma mtutu. Ukinunua kiwambo cha aina hiyo, chagua pete kwa kipimo cha mtutu wako, si kwa kukadiria.

Halafu kuna kitako. Mtutu wa bunduki nyingi za kisasa haugusi ubao wa mbele. Kuna mwanya ambao karatasi hupita bila kukwama. Kabla ya kiwambo mwanya huo ulikuwepo. Baada ya kiwambo mtutu umeinama, au unacheza zaidi unapotikisika, na sehemu moja inaanza kugusa. Vitako vya plastiki nyembamba ndivyo vinavyosumbua zaidi, hasa bunduki ikiegemezwa kwenye miguu miwili ya mbele na mpigaji akailalia. Pitisha ukanda wa karatasi kati ya mtutu na kitako ukiwa umefunga kiwambo, na bunduki imekaa vilevile unavyopigia. Ukikwama, umempata mhalifu, na ni wa bei rahisi: msasa. Kaza pia skrubu za kitako na za darubini kwa kipimo alichotoa mtengenezaji. Kiwambo kimelaumiwa mara nyingi kwa kosa la skrubu iliyolegea siku ileile.

Kuna ugonjwa mmoja wa polepole ambao Wanorwei, Waskoti na watu wa New Zealand wanaujua zaidi kuliko watu wa nchi kame. Mwindaji anapiga risasi mbili kwenye mvua, anarudi nyumbani, anaiweka bunduki kabatini ikiwa na kiwambo chake. Ndani mna masizi, na gesi iliyopoa imeacha maji. Unyevu huo hukaa palepale kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu, sehemu ya mwisho kuigusa risasi, na kuula usiku kucha. Hakuna siku moja ambayo bunduki inaharibika. Fungu la sentimita 3 linakuwa 4, mwaka unaofuata 5, na mwenyewe anadhani anazeeka. Kiwambo kivuliwe baada ya kila safari, kikauke peke yake, na bunduki isimame mdomo ukiangalia chini ili uchafu usiteremke kwenye bolti. Ukingo ulioliwa hukatwa upya na fundi kwa kazi ya saa moja, lakini mitutu myembamba ina hatari yake: ukichonga nyuzi kwenye chuma chembamba, tundu la ndani linaweza kupanuka kidogo pale mwishoni, na hilo halirudi. Kuna mitutu ambayo haikustahili kukatwa nyuzi tangu mwanzo.

Joto nalo hudanganya jicho. Baada ya risasi kadhaa hewa moto hupanda kutoka kwenye kiwambo na kupita mbele ya kioo cha darubini. Shabaha inaonekana kuelea, na unalenga mahali isipokuwepo. Fungu hunyooka kwenda juu na chini, na mpigaji anahisi bunduki imechoka. Funika kiwambo kwa ala ya kitambaa kisichoungua, au subiri kipoe. Mwindaji wa kweli hupiga risasi moja au mbili, kwa hiyo tatizo hili ni la uwanja wa majaribio tu, lakini ndiko maamuzi yanakofanyika.

Na sasa kosa ambalo, kwa maoni yangu, limepelekea viwambo vizima vingi zaidi kurudishwa dukani kuliko kasoro zote nilizotaja. Ni la hesabu. Mtu anakumbuka kwamba bunduki yake bila kiwambo hupiga sentimita 2.5. Ukimuuliza alipimaje, atasema kwa risasi tatu. Kisha anajaribu kiwambo kwa bidii, anapiga risasi 10 kwenye karatasi moja, anapata sentimita 4, na anasema kimeiharibu. Lakini umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi hukua kwa sababu tu umepiga mengi zaidi. Kwa mtawanyiko uleule, fungu la risasi 10 kwa wastani huwa kubwa kuliko la risasi 3 kwa karibu asilimia 60. Sentimita 2.5 kwa risasi tatu na sentimita 4 kwa risasi 10 ni bunduki ileile, siku ileile, haijabadilika hata kidogo.

Jaribio la haki linagharimu risasi 20 hivi za boksi moja, maana hata toleo la risasi hubadilisha mambo. Piga 5 bila kiwambo, acha mtutu upoe, piga 5 na kiwambo, acha upoe, rudia mzunguko huo mara moja. Kila hali iwe na karatasi yake. Tafuta kitovu cha kila fungu, pima umbali kati ya vitovu, na uandike. Darubini nyingi za Ulaya husogeza sentimita 1 kwa kila mlio wa kigurudumu kwenye mita 100, kwa hiyo vitovu vilivyoachana sentimita 6 ni milio 6, basi. Ni kipimo kinachofaa kukumbukwa, kwani mtihani wa kila mwaka wa wawindaji wa wanyama wakubwa Norwei ni risasi 5 ndani ya duara la sentimita 30 kwenye mita 100, na sentimita 6 hazimwangushi mtu hapo. Zinamwangusha kwenye mita 200, ambako zimekuwa 12, na kulungu anaondoka na jeraha.

Kama vitovu vinatulia lakini bado huamini, kuna jaribio la pili, la kuchosha: vua kiwambo na ukifunge upya baada ya kila risasi, mara tano. Fungu likibaki kama lilivyokuwa, kiwambo kinarudi mahali pake na unaweza kukivua upendavyo. Likitanuka, shida iko pale vinapokutana, kwenye nyuzi, bega au masizi. Na ukishasafisha kila kitu, ukakagua mwanya, ukakaza skrubu, na fungu bado ni kubwa ukiwa na kiwambo na dogo bila hicho, mtafute mwenzako mwenye bunduki ya risasi ileile na nyuzi zilezile, mkipime kwanza kwa fimbo, kisha mkifunge kwake. Kikipiga ovyo na huko, kirudi kilikonunuliwa. Kikipiga vizuri, chukua karatasi zote mbili uende nazo kwa fundi aliyekukatia nyuzi, umwonyeshe kabla hajaanza kuzungumzia darubini yako.